Ndege Iliyotukosa

Maneno yangu ya mwisho duniani yana urefu wa sekunde hamsini na moja. Mpaka leo yamo kwenye simu za watu wengi Muleba, na wapo waliowatumia ndugu zao Karagwe na Ngara ambao hata hawanijui. Mwaka jana mama mmoja alinikazia macho sokoni Bukoba nilipokuwa nauliza bei ya nyanya, akasema, "Sauti hii naijua. Si wewe yule uliyekufa na ndege?" Nikamwambia ndiye mimi. Akanipunguzia bei.

Mimi ni mzaliwa wa Kishanda na niliolewa Kimwani. Kwa mtu wa kwetu hayo yanatosha, habari zangu zote ameshazijua, lakini kwa asiyetujua nieleze. Kwa Wahaya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, ni mali ya ukoo, na hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Binti hukua humo, hupalilia humo, kisha huolewa na kuhamia kibanja cha watu wengine, na huko ndiko huzikwa. Mimi niliolewa kanisani, kwa shela na kwaya. Baada ya miaka kumi na minne nilimwacha mume wangu, kwa sababu aliingiza mwanamke mwingine chumbani kwangu wakati mimi nipo Kishanda namuuguza mama yangu, na zaidi ya hapo sitasema. Nikaenda mji wa mbali, nikajifunza kushona sare za shule, nikaishi. Lakini ndoa ya kanisani haifi kwa sababu mtu amepanda basi la asubuhi. Kwa padri, kwa ukoo wa mume wangu na kwa baba yangu mwenyewe, nilibaki mke wa mtu wa Kimwani, mke aliyechelewa tu kurudi nyumbani.

Nilipovuka miaka hamsini na tano macho yakaanza kuikataa sindano, nikataka mahali pa kurudi. Sikutaka makubwa. Nilitaka vyumba viwili kwenye kona ya kibanja cha baba, karibu na kaburi la mama, pale ambapo migomba imezeeka na hakuna anayehangaika nayo. Kila nilipomwomba baba kwa simu alinijibu, "Tutaongea ukija." Nikija, alizungumzia mvua. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mrithi, ana kazi yake mjini Bukoba na nyumba yake Ijuganyondo. Yeye alikuwa ananiambia, "Dada, mimi sina neno, muulize Tata," yaani baba, na kwa jinsi alivyolisema nilijua neno analo. Mwaka ule nikaapa kwamba nakwenda na siondoki bila jibu. Nilikata tiketi ya ndege makusudi, ili baba asipate nafasi ya kuniambia nimechoka na safari, nikapumzike kwanza.

Ndege yetu ilitua kwanza kwenye uwanja mkubwa upande wa pili wa ziwa, ikashusha na kupakia watu. Kutoka pale hadi Bukoba ni karibu. Unapewa soda, na hujaimaliza unaambiwa ufunge mkanda. Mchana ule uwanja ulikuwa na shughuli nyingi. Tulikaa muda mrefu mwanzoni mwa njia ya kurukia tukingoja zamu, na dirishani niliziona ndege zikishuka moja baada ya nyingine, kubwa za abiria na zile ndogo za watalii, huku mawingu yakiwa mazito juu ya maji.

Jirani yangu kitini alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani kwetu Muleba, mtu wa mkoa mwingine aliyefuata samaki miaka mingi iliyopita na hakurudi kwao. Alikuwa na mwili mkubwa na moyo mchangamfu, na alikuwa ameuchukua mkono wa kiti wote bila kuuliza.

"Leo huko juu kuna foleni," akasema.

"Angani hakuna foleni," nikamjibu. Huwa sipendi watu wanaoongea na mimi ndege inapotaka kuruka.

Tukaruka. Tuliingia kwenye wingu, dirisha likawa jeupe, na mimi nikaanza kupanga maneno ya kumwambia baba. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya pili ndege ilipoanguka.

Sijui neno lingine la kutumia. Pua yake iliinama ghafla na sote tukaachwa juu. Mkanda ulinikata tumboni. Mkoba wangu uliruka mpaka kwenye dari, soda ya mtu ikamwagika kuelekea juu, na yule dada mhudumu, ambaye alikuwa amesimama na trei, alipiga kichwa juu na kuanguka katikati ya njia. Wingu likapasuka, nikatazama dirishani, na juu yetu kulikuwa na ndege nyingine.

Ilikuwa kubwa kuliko yetu na magurudumu yake yalikuwa yameshatolewa kwa ajili ya kutua. Niliona tumbo lake. Niliona madoa ya mafuta meusi yaliyochirizika kuelekea nyuma, na taa nyekundu inayowaka na kuzima. Kwa miaka yote niliyosafiri nilikuwa sijawahi kuona tumbo la ndege likiwa angani karibu hivyo, na sikujua kwamba ni chafu. Ilipita. Kivuli chake kilipita juu ya vichwa vyetu ndani ya ndege, kiti kwa kiti, kisha mwanga ukarudi na ndege yetu ikatetemeka yote kama gari la zamani kwenye barabara ya mawe.

Watu walipiga kelele baadaye. Wakati wenyewe hakuna aliyepiga kelele. Mfanyabiashara wa dagaa alikuwa amenishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba alama za vidole vyake zilikaa siku tatu. "Nimemwona rubani wao," alikuwa akisema. "Nimemwona usoni!" Kufikia jioni alikuwa ameziona mpaka sharubu zake.

Kilichonimaliza mimi hakikuwa ile ndege. Ni ukimya uliofuata. Chumba cha marubani hakikusema kitu. Tulikuwa bado tunashuka, au nilidhani tunashuka, wingu likatufunika tena, na nikawa na hakika kwamba ndani ya weupe ule kuna nyingine inakuja. Nilitaka kutoka. Najua ni upuuzi, lakini mkono wangu ulifungua mkanda wenyewe, nikasimama, nikakuta mbele kuna watu na nyuma kuna watu na pembeni kuna kioo kisichofunguka. Mhudumu, damu ikimtiririka usoni, akanipigia ukelele nikae. Nikakaa. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilikasirika kwamba nitakufa kabla sijajibiwa, na kwamba mwili wangu utapelekwa Kimwani, utazikwa nyuma ya nyumba ile, na yule mwanamke atapalilia kaburi langu.

Simu nilikuwa sijaizima. Nikalifungua kundi la familia na kubonyeza sehemu ya kurekodi sauti, nikasema yale ambayo sasa kila mtu anayajua. "Tata, ni mimi. Ndege inaanguka. Sina muda. Msinipeleke Kimwani. Nawaomba wote, msinipeleke Kimwani. Nizikeni nyumbani karibu na Mawe. Tata, waitu, nakuomba, nakuomba. Nisameheni." Mawe kwetu ni mama, na waitu ni neno la kubembeleza. Nyuma yangu kuna mtawa anasikika akisali rozari, na mwishoni kabisa kuna sauti nene ya mwanaume inayofoka, "Zima simu wewe mama, unatuua!" Huyo ni yule wa dagaa. Aliipiga simu ikaniponyoka, ikateleza chini ya viti, na mtu akaikanyaga.

Nilirudishiwa ikiwa na kioo kilichovunjika na kuwa cheusi. Nilichokuwa nimekiona kabla haijaanguka ni ile alama ndogo ya saa inayoonyesha kwamba ujumbe haujaondoka, kwa kuwa huko juu mtandao haukuwepo. Nikamshukuru Mungu kwa hilo. Rubani alikuwa ameshaongea, kwa sauti ya mtu aliyekunywa maji mengi kwanza, kwamba tulikuwa karibu mno na ndege nyingine, kwamba hatari imepita na tunarudi tulikotoka ili majeruhi watibiwe. Tulizunguka juu ya ziwa karibu nusu saa tukingoja nafasi ya kutua. Nusu saa hiyo hakuna aliyeangalia kitu kingine zaidi ya madirisha.

Tulipotua tuliwekwa kwenye ukumbi na kuambiwa tusiondoke. Watu walikuja na karatasi, wakatuuliza tuliona nini, tukajaza. Kosa lilikuwa la nani hatukuambiwa siku ile wala baadaye, na mimi sitamsingizia mtu. Lakini rubani wetu, kijana mwembamba mwenye shati lililolowa mgongoni, alikuja kutuona, na mfanyabiashara wa dagaa akamuuliza tumeponaje. Akatueleza kwamba kila ndege ina chombo kinachosikiliza ndege nyingine. Zikikaribiana, vyombo vile viwili vinaelewana vyenyewe, kisha cha huku kinamwambia rubani ashuke na cha kule kinamwambia wa kule apande.

"Na kama wote wataambiwa washuke?" akauliza wa dagaa.

"Haitokei. Lazima mmoja apishe."

Nilimwonea wivu rubani yule. Mimi nilikuwa katikati ya nyumba mbili kwa miaka kumi na minane, na hakuna chombo kilichowahi kumwambia mtu apishe.

Saa moja hivi baada ya kukaa pale ukumbini, simu yangu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba. Kioo kilikuwa kimekufa lakini yenyewe ilikuwa hai. Niliiweka mapajani, ikawa inatetemeka, inanyamaza, inatetemeka. Niligusa kila mahali, haikupokea. Nilijua ni watu wa nyumbani na nilidhani wanauliza tu mbona ndege imechelewa. Ilitetemeka mpaka chaji ikaisha. Wa dagaa akanionea huruma, akanipa simu yake. "Piga nyumbani, dada. Usijali salio."

Nikaishika, nikajikuta sina namba. Namba zote zilikuwa kwenye ile iliyokufa. Kichwani nilikuwa na moja tu, niliyoikariri mwaka wangu wa mwisho Kimwani kwa kuiandika kwenye pembe za kalenda, na ilikuwa ya mume wangu. Hajaibadilisha mpaka leo. Niliandika tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, kisha nikafuta. Nikamrudishia simu yake na kumwambia kwetu mtandao hausomi. Ningebonyeza ile tarakimu moja, yote yaliyofuata yasingetokea. Kiburi changu ninakijua, na siku ile nililala nacho kwenye hoteli tuliyopelekwa, kila mtu na kitanda chake.

Asubuhi wengi walikataa kupanda ndege. Wa dagaa alikwenda kutafuta meli. Mimi nilipanda, kwa sababu nilikuwa na jambo la kumaliza na baba, na nilifumba macho mpaka magurudumu yalipogusa ardhi ya Bukoba.

Mdogo wangu alikuwa anangoja nje ya lango. Aliponiona hakunikumbatia. Alinishika mabega, akanitikisa, akaanza kucheka na kulia. "Dada," akasema, "nyumbani umekufa."

Alinieleza tukiwa njiani, gari likipanda na kushuka vilima kuelekea Muleba. Ujumbe wangu ulikuwa umeondoka. Tulipokuwa tunashuka kutua, simu ile iliyovunjika ikiwa mkobani ilipata mtandao na kuutuma yenyewe, na kabla sijafika kwenye ule ukumbi, Kishanda nzima ilikuwa imeusikia. Yeye alikwenda uwanjani Bukoba, akaambiwa ukweli wote: ndege ilipishana na nyingine kwa karibu, imerudi, watu wako hai. Akampigia baba.

Hapa ndipo penye kosa ambalo naamini kwetu tu lingeweza kutokea. Kwetu habari ya msiba haisemwi kwenye simu. Mtu akifa, unampigia ndugu yake unamwambia mgonjwa hajambo kidogo, amelazwa, njoo tu umwone. Mwenye kusikia anaelewa. Anajibu vizuri, anakata simu, ndipo anaanza kulia. Sote tumepokea simu za namna hiyo, na sote tumezipiga. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema, "Tata, dada yuko salama, ndege imerudi, amepelekwa hoteli," baba alisema, "Nimekuelewa, mwanangu."

"Tata, nasema kweli. Mzima kabisa. Kesho nitakuja naye."

"Nimekuelewa. Usiendeshe gari kwa haraka."

Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kuelewa. Shangazi mmoja alimpongeza kwa ujasiri wake. Hata "nitakuja naye" ilisikika kama jeneza. "Ilifika mahali," mdogo wangu akaniambia, macho barabarani, "hata mimi nikaanza kujiuliza kama wale wa uwanjani nao walikuwa wananificha."

Nilicheka mpaka Muhutwe. Kisha nikauliza, "Kimwani wanajua?"

Akapunguza mwendo. "Shemeji amekuja tangu alfajiri na wazee wake. Wamekuja kuudai mwili."

Sikucheka tena. Dirisha la gari lilikuwa wazi, lakini nilijiona nipo tena ndani ya wingu, mbele watu na nyuma watu.

Tulipoingia uani kulikuwa na turubai, nyasi mbichi zimetandazwa, moto umewashwa, wanawake wamefunga khanga viunoni, na hakuna aliyeshika jembe katika vibanja vyote vya jirani. Nilishuka. Kisha mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mawe!" na wengine wakakimbilia migombani, wazee kwa vijana, sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, ikapinduka. Shangazi yule alinijia mikono mbele kama anayetembea gizani, akanipapasa uso, akanipiga kofi, halafu akaniangukia.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la wanaume na koti lake la harusi za watu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kweli, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angekuja na macho makavu.

Nilimwendea baba, nikapiga magoti. Alikuwa amejifunika blanketi na miguu yake ilikuwa na udongo mbichi.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado, Tata."

"Wakupe chakula," akasema, akijivutia blanketi usoni.

Chakula cha msiba kikawa cha shukrani. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikatolewa, rozari ikasaliwa, watu wakaomba niwaonyeshe simu iliyovunjika. Ni shangazi aliyeninong'oneza tukiwa tunamenya ndizi nyingine. Wazee wa Kimwani walipofika walisimama mbele ya wote, wakasema mke ni wa kwao, kanisa linajua, kaburi litachimbwa kwao. Mdogo wangu hakuwepo, alikuwa Bukoba ananingoja mimi. Wazee wa ukoo wetu wakatazama chini. Ndipo baba, ambaye alikuwa hajasema neno tangu alipokata simu jana, akasimama na fimbo yake, akamwambia mume wangu machoni, "Huyu mtoto ameniomba kwa sauti yake, na wote mmesikia. Miaka yote aliniomba mahali, sikumpa. Leo nimempa. Atalala hapa." Akaenda mwenyewe migombani na panga.

Niliweka kisu chini. Maneno hayo nilikuwa nimeyangojea tangu siku nilipopanda basi kutoka Kimwani, na yalikuwa yamesemwa hadharani, mbele ya mume wangu, kwa ajili yangu, wakati mimi nimefumba macho angani.

Alasiri nilimkuta baba kule nyuma, karibu na kaburi la mama. Alikuwa amesimama mbele ya vigingi vinne. Alikuwa amevikata kutoka kwenye mlamula, ule mmea tunaoupanda mipakani, akavisimika ardhini na kuvizungushia kamba ya mgomba. Ilikuwa ni pale pale, kwenye ile kona ya migomba iliyozeeka. Udongo ule wa miguuni mwake ulitoka hapa.

"Tata," nikasema, "nimeambiwa umenipa mahali."

"Nilikupa."

"Basi nipe nijenge. Vyumba viwili. Kimoja, hata. Anzia hapa ulipopima, uongeze kidogo."

Alishika kigingi kimoja kama anayejaribu kama kimekaa vizuri. Nyuma yetu, uani, wanaume walikuwa wanacheka, na sauti ya mume wangu niliisikia humo.

"Niliyempa alikuwa amekufa," baba akasema taratibu. "Aliyekufa hana mume. Hagombani na mrithi wangu. Hawezi kuuza, hawezi kuleta mtu. Ukoo ulinikubalia kwa sababu hiyo. Wewe umerudi, mwanangu, namshukuru Mungu. Lakini umerudi una mume, na yule pale anakunywa rubisi yangu."

"Kwa hiyo nilipaswa kugongwa?"

"Usiseme hivyo." Alitikisa kichwa, na niliona kwamba ameumia, na kwamba hatabadilika. "Vigingi sitaving'oa. Ukirudi kwa namna ile, pako ni hapa. Nimeshasema mbele ya watu, na hakuna wa kunibishia."

Nilitaka kumtukana baba yangu. Sikumtukana. Nilitaka pia kumshika miguu yenye udongo, na hilo nalo sikufanya. Nilisimama tu pale, nikamwona mdogo wangu akija kati ya migomba na kusimama mbali kidogo bila kusogea zaidi, akiwa na uso wa mtu aliyesikia na kufarijika na kuona aibu kwa kufarijika. Mume wangu aliondoka kabla ya jua kuzama. Aliniaga kwa kunishika mkono kama katekista.

Nimerudi Kishanda mara nyingi tangu hapo, na kila mara kwa ndege, juu ya ziwa lile lile. Watu wananiuliza siogopi? Naogopa. Wakati wa kuruka nafunga mkanda, natazama juu kuangalia kama kuna tumbo la ndege linakuja, na najua kwamba likija nitapelekwa nyumbani bila mtu kubisha. Likinikosa, nitafika nyumbani mgeni. Nimemwomba mdogo wangu asiufute ule ujumbe. Amesema hataufuta, na katika hilo namwamini.

Vigingi vimeota. Mlamula ni mmea mgumu kufa, ukiuchomeka unashika mizizi, na sasa vyote vinne vina majani. Mdogo wangu alivitazama akasema, "Dada, hii sasa ni mipaka." Hakuviondoa. Kila nikija napalilia ndani yake, natoa majani makavu, na wanaopita njiani wananisalimia, wananipa pole ya kazi, hawasemi zaidi.

Mara ya mwisho, baada ya kupalilia, nilitazama huku na huku nikaona hakuna mtu. Nikatandika khanga, nikalala chali kati ya vigingi vile, miguu kuelekea kaburi la mama. Kupitia nafasi kati ya majani ya migomba nilisikia ndege ya mchana, kisha nikaiona, ndogo na nyeupe, ikienda Bukoba peke yake. Nilipogeuza kichwa baba alikuwa amesimama hapo na fimbo yake. Sikujua ni tangu lini.

Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Panatosha?" akauliza.

"Panatosha, Tata."

"Basi inuka," akasema. "Ebitoke vimeiva."